Mama anadhani mimi ni mbunge, wenzangu wananiita karao

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Changamwe, Mombasa. Baba alipata ile bahati nasibu ya grini kadi, nikaja naye Marekani nikiwa na miaka 16. Mama alibaki nyumbani na nyanya. Nilipopata uraia nikaingia jeshini. Kazi nikachagua polisi wa kijeshi, MP, kwa sababu aliyeniandikisha alinionyesha picha ya mbwa na picha ya pikipiki. Mbwa sijamshika hata siku moja. Pikipiki hata kuiona sijaiona.

Mama alipotangaza kwenye chama chao kwamba mwanawe ni MP Amerika, kina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akauliza Wakenya huko wamepewa eneo bunge lini. Mwingine, na nasikia hakuwa anatania, akaleta fomu ya basari ya mjukuu wake. Mama mpaka leo hajawasahihisha.

Hapa kambini, Texas, uheshimiwa huo haupo. Nikiingia mesi na kitambaa cha MP begani, meza iliyokuwa ikicheka inanyamaza. Watu wanatazama sahani kana kwamba mayai yameandikwa kitu. Wanasema MP ni mtu aliyeshindwa kuwa mwanajeshi na akashindwa kuwa polisi, kwa hiyo akapewa vyote viwili nusunusu. Hayo nilishayazoea tangu mafunzoni Fort Leonard Wood. Walimu wenyewe walituonya.

Yaliyonifanya nikuandikie ni ya Wakenya wenzangu. Tuko familia kama ishirini hivi karibu na kambi, na Jumamosi moja kila mwezi huwa tunachoma nyama. Mwezi wa tatu nilikuwa zamu ya usiku getini. Saa 7 na nusu ikaja gari, kioo kikashuka, harufu ikanifikia kabla ya kitambulisho. Ni sajenti wa kwetu. Huyu ndiye aliyenipokea siku niliyofika kambi hii, akanipa sufuria na mwiko wa ugali, mwiko ambao ninao mpaka leo. Aliponitambua alicheka, akashusha mabega. “Aa, kumbe ni wewe! Fungua bwana, nyumba si ile pale?” Na kweli nyumba ni pale, haifiki kilomita moja.

Mwenzangu wa zamu alikuwa amesimama upande wa pili wa gari. Nikamjibu sajenti kwa Kiingereza: azime injini, ashuke. Akasema tena, polepole, “Mdogo wangu, nina watoto.” Nikarudia Kiingereza changu. Alkoblo, kile kipima ulevi cha kupuliza, ikasoma 0.11, na mwisho ni 0.08. Nikamfunga pingu.

Sasa haruhusiwi kuendesha gari ndani ya kambi, amepata barua ya karipio kutoka kwa jenerali, na cheo alichokuwa akikingoja kimekwama. Mimi Jumamosi ya nyama choma nilikwenda kama kawaida. Kulikuwa na baridi fulani, nikaona nichangamshe watu. Mmoja alipofungua bia nikamwambia, “Hiyo ni ya ngapi, na funguo ziko wapi?” Hakuna aliyecheka. Kesho yake nikakuta nimetolewa kwenye kundi la WhatsApp.

Tangu hapo mimi ni karao tu, polisi basi. Mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake Kitale, mchango ukakusanywa na kutumwa, na mimi nikapata habari kwa kinyozi wiki mbili baadaye. Hilo Mjomba liliniuma kuliko yote. Mke wa sajenti nilikutana naye dukani akaniambia maneno mawili: “Hakuudhika ulivyomkamata. Aliudhika ulivyomsemesha Kiingereza.”

Mkataba wangu unaisha baada ya miezi minane. Niombe kubadilishiwa kazi, niendeshe malori kama wengine? Niachane na jeshi kabisa? Na je, mimi ni msaliti?

Mwana wa Changamwe, Texas

*

Marahaba, mpwa wangu.

Kwanza ujue umemwandikia mtu wa upande wa pili. Niliendesha malori ya jeshi hilohilo kwa miaka tisa, na muda mwingi wa miaka hiyo nilikuwa miongoni mwa wanaonyamaza mesi. Kwa hiyo la chuki nitakujibu kama shahidi, maana nilikuwa nayo.

Mwaka wa kwanza nilisimamishwa ndani ya kambi kwa kutofunga mkanda. Natoka kununua maziwa, mita mia tatu kutoka bwenini. MP alikuwa msichana asiyezidi miaka 20, kofia imemzidi, ananiita kwa cheo kwa adabu zote. Aliniandikia tiketi, nikaisoma, nikaona haina faini, nikafurahi. Mjinga mimi. Wewe unajua tiketi za kambini ziko za namna mbili: moja unalipia mahakamani yanaisha, na nyingine haina hata senti, ila inapelekwa kwa kamanda wako naye ndiye anayeamua akufanye nini. Kesho yake saa 12 na nusu asubuhi, kabla sijanywa chai, sajenti wetu mkuu alikuwa akiisoma kwa sauti mbele ya kombania nzima. Wikiendi mbili nikafagia kituo cha magari.

Hapo ndipo MP anapochukiwa, na watu wengi wa nje hawapaelewi. Polisi wa mtaani akikukamata, bosi wako si lazima ajue. Unalipa, unanyamaza, Jumatatu uko kazini. MP anaandika, na yaliyoandikwa usiku asubuhi yako mezani kwa makamanda. Ugomvi wako na mkeo, mwanao aliyeiba chokoleti dukani, usingizi uliokupata kwenye taa za barabarani, vyote vinasomwa na mtu ambaye mkononi mwake kuna cheo chako na likizo yako. Askari anaishi, analala, anakula na anaugua chini ya mwajiri mmoja. MP ndiye tundu la ukuta ambalo mwajiri anachungulia. Hata ukiwa na tabasamu la malaika, tundu ni tundu.

Halafu kuna la cheo. Jeshi zima linafundishwa kwamba mkubwa husema na mdogo husikiliza. MP mwenye mstari mmoja begani anamsimamisha kanali, anampigia saluti, kisha anamwandikia. Kanali anaweza kumeza. Masajenti wa miaka kumi na tano ndio hawamezi kabisa, na mimi nilikuwa nao meza moja.

Wala msidhani Wamarekani ndio waliolianza. Wajerumani wakati wa vita vya Hitler waliwaita MP wao mbwa wa minyororo, kwa ile sahani ya chuma waliyovaa shingoni kwa mnyororo.

Na kuna mahali jina baya lilichumwa kwa haki. Sisi madereva weusi tuna hadithi yetu ya Bamber Bridge, kijiji cha Lancashire, Uingereza, Juni 1943. Walikuwako pale askari weusi wa Marekani, madereva wa malori, wanakunywa baa pamoja na wanakijiji. MP weupe wakaja kuwakamata kwa sababu za mavazi na vibali vya kutoka. Wanakijiji wakawatetea askari. MP wakaondoka, wakarudi wameongezeka, na kabla ya usiku kwisha risasi zilikuwa zimelia barabarani na askari mmoja, William Crossland, amekufa. Waliopelekwa mahakamani kwa maasi ni madereva, ingawa jenerali wao mwenyewe baadaye aliona kosa kubwa lilikuwa la uongozi mbovu na MP waliokuwa wakiwatukana watu kwa rangi yao. Nilihadithiwa hayo na dereva mzee, mweusi wa Alabama, tukibadilisha tairi. Alisema babu yake asingeamini siku moja MP watakuwa weusi. Nadhani asingeamini pia kwamba mmoja atatoka Changamwe.

Sasa nikutoe upande huo nikupeleke mwingine. Nilifika Kuwait Agosti 2005, kazi yangu kupeleka mizigo Iraki. Miezi mitano kabla, tarehe 20 Machi, msafara wa malori karibu thelathini ulivamiwa karibu na Salman Pak na watu kama hamsini. Waliokuwa wakiusindikiza ni askari kumi wa kombania ya MP ya 617 kutoka Kentucky, katika magari matatu. Badala ya kukimbia waligeuka wakaingia katikati ya wavamizi na malori. Sajenti Leigh Ann Hester, miaka 23, akashuka na mkuu wake wakasafisha handaki kwa bunduki na mabomu ya mkono. Akapewa nishani ya ushujaa ya Nyota ya Fedha, mwanamke wa kwanza kuipata tangu Vita vya Pili vya Dunia. Madereva tulizungumza habari hiyo kila jioni. Lakini ukiniuliza nini kilinibadilisha mimi, si Hester. Ni siku moja tulisimama barabarani saa nne nzima tukingoja bomu liteguliwe, jua linachemsha usukani, na MP wa gari la mbele akatembea mstari mzima wa malori akigawa maji ya chupa, amebeba kwenye fulana kama mama anayebeba mahindi. Nilimtazama nikakumbuka mkanda na maziwa. Sikumwambia kitu. Nilikunywa maji.

Basi chuki ya mesi iache hapo ilipo. Ni mshahara wa kitambaa ulichovaa, si wako. Hao hao siku mmoja wao akipigiwa mlango na mume aliyelewa mwenye bastola, watapiga namba yenu.

Twende kwa sajenti, maana hapo ndipo kwenye mwiba.

Kumkamata ulikuwa sahihi, na hata sitapoteza muda. Mita mia nane zinatosha kuua mtoto mwenye baiskeli, na saa saba usiku kuna askari wanaotembea kwa miguu kutoka zamu. Ungemfungulia geti, na mwenzako ameona, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine kabisa, na wewe ndiye mwenye barua ya jenerali.

La Kiingereza limewachanganya wengi, na mke wa sajenti ameliweka vizuri kuliko sisi wanaume. Mumewe alikuwa anasema lugha ya barabara ya Mombasa. “Nina watoto” kwetu si taarifa, ni mlango wa mazungumzo. Karao anauliza watoto wangapi, wanasoma wapi, mkono unaingia mfukoni, kila mtu anakwenda kulala. Sajenti si mtu mbaya. Alimwona polisi Mkenya akafanya ambalo kila Mkenya amefanya mbele ya polisi tangu azaliwe. Ungejibu Kiswahili hata neno moja pale dirishani, yeye angesikia mlango umefunguka, na mwenzako asiyejua Kiswahili angesikia mnapanga. Kwa hiyo pale getini Kiingereza kilikuwa kinga yenu wote wawili. Nimelifikiria siku mbili hili, na kwanza nilikuwa upande wa mke.

Lakini usiku ule haukuishia getini. Ulimpeleka kituoni, mkangoja karatasi, mkangoja mtu wa kombania yake aje kumchukua. Najua jinsi kungoja huko kunavyochukua muda. Katika saa zote hizo hakukosekana nafasi ya kumwambia mwenzako waziwazi, “Namwambia pole kwa lugha yetu,” kisha ukasema: Kaka, pole, sikuwa na jinsi. Hukuniandikia kwamba ulisema. Nakisia hukusema. Uliogopa, na Kiingereza ulichokishika getini kama ngao ukaingia nacho mpaka ndani ukalala nacho.

Na sasa kosa ambalo wewe uliliandika kwa mstari mmoja kama la kuchekesha. Mpwa wangu, usiku ule wa getini ulimkamata mtu mmoja kazini. Jumamosi ya nyama choma ukawakamata wote, kwenye moshi, mbele ya watoto wao, bila kitambaa begani. “Hiyo ni ya ngapi, na funguo ziko wapi?” Mimi ningekutoa kwenye kundi usiku uleule, nisingengoja kesho. Kila mmoja pale alikuwa ameshajiuliza kama huwa unavua kazi ukifika nyumbani, na wewe ukawajibu. Wenzako hawakukutenga kwa sababu ya geti. Walivumilia geti, si unaona ulikaribishwa ukala?

Umeuliza kama wewe ni msaliti. Neno hilo lina watu waliolibeba kwa uzito kuliko wewe. Joseph Darby alikuwa MP wa akiba katika kombania ya 372, ile ya gereza la Abu Ghraib, Iraki. Januari 2004 aliwakabidhi wapelelezi wa jeshi zile picha za wafungwa wakidhalilishwa, na waliokuwa kwenye picha ni wenzake, MP aliokuwa akila nao. Aliahidiwa jina lake litafichwa. Mwezi wa tano alikuwa amekaa mesi huko huko Iraki, watu mamia wanakula, televisheni inaonyesha waziri wa ulinzi Rumsfeld mbele ya Bunge, na waziri akamtaja kwa jina akimsifu. Fikiria kijiko kilivyosimama. Kwao, kwenye vilima vya mpaka wa Maryland na Pennsylvania, majirani walimwita msaliti, na yeye na mkewe wakashindwa kurudi kuishi pale. Sikuambii haya ili ujione mdogo wake. Nakuambia kwa sababu Darby alitengwa kwa alichokifanya, na hapakuwa na cha kurekebisha. Wewe umetengwa kwa utani mmoja na pole moja ambayo haikutoka, na vyote viwili bado viko mikononi mwako.

Kuhusu kazi. Ukitaka kuhamia malori kwa kuwa unapenda malori, saini. Orodha ya nafasi itakuwapo wakati wa kuongeza mkataba, na alama zako za mtihani wa kuingia zitasema unaweza kwenda wapi. Ukitaka kuhamia kwa kuwa unataka kuchekewa mesi, utachekewa wiki mbili, kisha mtu atasema, “Huyu alikuwa MP,” na utabaki nayo kama kovu la ndui. Ukitoka jeshini ukitegemea kuajiriwa polisi wa uraiani, ulizia mapema masharti ya jimbo unalotaka, kwa sababu kila jimbo lina yake, na usimuulize yule wa picha ya pikipiki. Mimi binafsi ningependa ubaki. Kwenye malori Wakenya tunatosha.

Kabla ya miezi minane hiyo, anza na Kitale. Usingoje kurudishwa kwenye kundi. Tafuta namba ya mfiwa, mpigie, mpe pole ya baba yake, mtumie rambirambi yako moja kwa moja, kiasi kilekile ambacho wengine walitoa, si zaidi. Ukizidisha itaonekana unanunua. Akikuuliza mbona kimya, mwambie ulichelewa kusikia, usiseme kwa nini. Yeye anajua kwa nini.

Kisha nenda kwa sajenti, mchana, siku ambayo hauko zamu, na usiende na zawadi. Gonga, msalimie mkewe kwanza. Mwambie kwa Kiswahili ulichopaswa kumwambia kituoni. Usimwombe msamaha kwa kumkamata. Akikulazimisha uombe, nyamaza. Mwombe msamaha kwa bia na funguo, maana ulimtania mgonjwa kidonda bado kibichi. Na kwa kuwa sasa haendeshi gari ndani ya kambi, muulize nani anampeleka dukani na nani anawapeleka watoto. Kama yupo mtu, vizuri. Kama hayupo, una gari.

Na ukirudi kwenye nyama choma, nao watakurudisha, wewe ndiye usinywe. Usitangaze. Ukae tu hadi mwisho, na atakayetafuta funguo umwambie twende nikupeleke. Wape namba yako ya saa saba usiku. MP anayepigiwa simu kabla ya geti ni mtu mwingine kabisa na MP wa getini, hata kama sura ni moja.

Mama yako naye mpigie leo jioni. Mwambie hizo herufi mbili huko maana yake nini, kabla hawajamletea fomu ya pili.

Mjomba